Sanamu Bila Majina: Ukumbusho wa Hadhara, Rangi na Historia Iliyofunikwa Afrika Mashariki

Ukumbusho wa hadhara, uwe sanamu, mnara au bamba la shaba, huonyesha mambo mawili kwa pamoja: anayekumbukwa, na yule aliyekuwa na uwezo wa kuamua nani akumbukwe. Aliyetoa fedha ndiye huchagua uwanja, lugha ya maandishi, nani asimame juu ya jiwe na nani akae miguuni pake. Katika Afrika Mashariki uwezo huo ulikuwa wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, kisha wa serikali za uhuru, na katika miaka ya karibuni wameuingilia pia wasanii, mashirika ya nje na koo zinazotafuta mifupa ya babu zao. Katika kila kipindi linajirudia swali lile lile: nani anatajwa kwa jina, na nani anawekwa kama kielelezo tu cha “mwenyeji”, “askari”, “mpagazi” au “mtumwa”.

Mfano wa mwanzo ulio wazi ni sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909. Wissmann ndiye aliyetumwa na serikali ya Bismarck mwaka 1889 kuzima upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, vita vinavyokumbukwa kwa jina la Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Baadaye Wissmann alikuwa gavana wa koloni kwa muda mfupi, 1895 hadi 1896. Sanamu yake, kazi ya Adolf Kürle, ilikuwa na watu wawili na mnyama mmoja. Juu ya jiwe alisimama Wissmann na kofia yake ya jua, akitazama mbali. Chini alikuwapo askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyelala amekufa. Mtazamaji hakuhitaji kujua kusoma ili aelewe. Simba ni Afrika iliyoshindwa, askari ni Mwafrika mwema aliyeishinda kwa niaba ya mwingine, na mwenye jina ni mmoja tu.

Jinsi jeshi lenyewe lilivyokuwa, sanamu ile haikusema. Kikosi cha Wissmann kiliundwa kwa sehemu kubwa na Wasudani walioandikishwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji, watu waliokuwa na lugha zao, mikataba yao na hesabu zao za mishahara. Walikuja pwani wakiwa wageni kama maofisa wao. Sanamu iliwayeyusha wote katika uso mmoja wa shaba.

Safari ya sanamu hiyo inaeleza mengi kuliko umbo lake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliing'oa na kuipeleka London kama nyara, kisha ikarudishwa Ujerumani. Mwaka 1922 ilisimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, chuo kilichokua kutokana na Taasisi ya Kikoloni ya mji huo, na ambacho Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake tangu enzi za Carl Meinhof. Ujerumani wakati huo haikuwa tena na koloni hata moja, kwa hiyo sanamu ilipewa kazi mpya ya kudai kilichopotea. Iliharibiwa mwaka 1945 wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikarudishwa mahali pake mwaka 1949. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967. Ikasimamishwa tena, nao wakaiangusha tena mwaka 1968. Chuo kikachoka, sanamu ikatiwa stoo. Mwaka 2004 msanii anayejulikana kwa jina la Jokinen aliiazima na kuiweka bandarini Hamburg kwa miezi 14 ili watu wabishane juu yake, na mwaka 2016 ilionyeshwa Berlin katika Makumbusho ya Historia ya Ujerumani ikiwa imelazwa, na madoa ya rangi yake. Wasimamizi waliona kwamba kuilaza ni maelezo tosha. Kwa kweli ni maelezo mazuri kwa anayeijua historia yake. Asiyeijua huona tu mzee wa shaba aliyeanguka.

Mwaka 1927 Waingereza nao walisimamisha sanamu yao katikati ya Dar es Salaam. Mchongaji, James Alexander Stevenson, hakumweka Mzungu yeyote. Askari yuko peke yake, na sare yake ya Vita Kuu ya Kwanza, bunduki yenye singe ameielekeza mbele upande wa bandari. Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, mchongaji huyo huyo aliweka watu watatu, mmoja wao mpagazi. Mombasa nayo ilipata ya kwake. Ikilinganishwa na sanamu ya Wissmann, hii ilikuwa hatua kubwa: Mwafrika amepanda juu ya jiwe, na hakuna anayemtazamia ruhusa. Kiswahili kimo kwenye maandishi pamoja na Kiingereza, na herufi za Kiarabu pia zimo, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wa wakati huo walisoma kwa herufi hizo.

Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Kiini chake ni ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapo ndipo ukumbusho unapojikana wenyewe, kwa sababu hauna jina hata moja. Kipling alikuwa mshauri wa maandishi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza. Mwanawe John aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na mwili wake haukutambuliwa wakati huo. Jina lake likaandikwa kwenye kuta za ukumbusho wa Loos pamoja na ya wengine zaidi ya 20,000 wasio na kaburi linalojulikana. Tume ilijua vizuri, basi, namna ya kumkumbuka askari asiye na kaburi: huandikwa. Askari wa Afrika Mashariki walipewa ahadi ya jina bila jina lenyewe. Na ile “nchi yake” ilikuwa ipi? Miongoni mwa waliopigana upande wa Waingereza walikuwamo watu wa Nyasaland, Nigeria na Gold Coast, na mfalme waliyemfia alikuwa London.

Wapagazi ndio walioumia zaidi. Vita vilikwenda mahali pasipo na barabara, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa kichwani. Waingereza peke yao waliandikisha, na mara nyingi kukamata kwa nguvu, watu wapatao milioni moja katika kipindi chote cha vita. Vifo vilivyokubaliwa rasmi vinakaribia 95,000, wengi wakiuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wala si risasi. Kwa wale waliobeba mizigo ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck upande wa Wajerumani, hata hesabu ya kuaminika haipo. Kambi za wapagazi wa Waingereza ziliacha majina ya Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, yote mawili yakitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Soko likawa ukumbusho bila mtu kukusudia, na linatamkwa kila siku na watu wengi kuliko wanaoinua macho kumtazama askari wa shaba.

Tume ya makaburi iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa bila kujali cheo, rangi wala dini. Karne moja ilipita kabla ya kupima kama ilitimiza neno lake. Ripoti yake ya Aprili 2021, iliyotolewa baada ya filamu ya mbunge David Lammy kulifikisha jambo hili kwenye televisheni mwaka 2019, ilikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili walitoka Afrika Mashariki na Misri. Sababu hazikuwa uchache wa fedha tu. Maofisa waliandikiana kwamba mwenyeji hawezi kuelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, alisema hivyo waziwazi. Huko Voi, Kenya, matokeo ya fikra hiyo yanaonekana kwa macho: Wazungu wamepangwa kwa mistari ndani ya uzio, kila mmoja na jiwe lake, na Waafrika wako nje, ardhini, bila alama. Siku ripoti ilipotoka, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Wajerumani walikuwa na njia yao ya kuwasahau askari huku wakiwasifu. Baada ya vita ilienea hadithi ya “askari mwaminifu”, aliyekwenda na Lettow-Vorbeck hadi mwisho kwa mapenzi, hadithi iliyowafaa sana waliotaka kurudishiwa koloni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilichongwa kwenye mapambo makubwa ya ukutani katika kambi ya jeshi ya Jenfeld, Hamburg: upande mmoja askari wakiongozwa na ofisa Mjerumani, upande wa pili wapagazi wakiongozwa na mkuu wao Mwafrika. Mchongaji, Walter von Ruckteschell, alikuwa amepigana Afrika Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck mwenyewe. Mwaka 2003 mapambo hayo yalihamishiwa kwenye bustani iliyokusudiwa kuitwa jina la Tanzania. Wapinzani walijitokeza, na Waziri Mkuu wa Tanzania, Frederick Sumaye, aliyekuwa amealikwa kwenye ufunguzi, hakushiriki. Kumpa mgeni heshima kwa kumwonyesha babu yake akiwa chini ya amri ya mkoloni, tena kwa sanaa ya enzi za Hitler, ni adabu ya ajabu.

Kinyume cha mapambo hayo kiko Berlin, kwenye njia ya miguu ya Brunnenstraße, nacho ni kipande cha shaba nyeupe cha upana wa sentimita 10 hivi. Kimeandikwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshini akiwa mtoto pamoja na baba yake, akaenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo wao wawili hawakulipwa. Hakuipata. Aliishi kwa kuhudumu hotelini, kufundisha Kiswahili na kuigiza kwenye filamu, nyingi kati ya hizo zikiusifu ukoloni uliomnyima haki yake. Aliomba nishani ya waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kipande hicho, sehemu ya mradi wa msanii Gunter Demnig unaoweka vipande kama hivyo mbele ya nyumba walizokaa waliouawa na Wanazi, kiliwekwa mwaka 2007. Hakuna simba wala bendera. Lakini katika kumbukumbu zote za askari zilizotajwa hapa, hii ndiyo ya kwanza inayomtaja mtu aliyekuwa na mshahara anaoudai, kazi, mke na tarehe ya kufa.

Nyumbani, serikali za uhuru zilirithi sanamu za wageni na nafasi nyingi tupu. Tanzania haikuwa na haraka ya kubomoa. Askari wa 1927 alibaki mahali pake na watu wakamzoea kama alama ya njia. Jitihada kubwa zilikwenda kwenye kumbukumbu za upinzani. Bagamoyo, karibu na ufuko, jiwe linaonyesha mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Songea, Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980 penye makaburi ya viongozi wa Wangoni walionyongwa kwa pamoja tarehe 27 Februari 1906. Hesabu inayokumbukwa ni mashujaa 67, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kila Februari mji huwakumbuka.

Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilipewa nafasi ya pekee katika historia ya taifa kwa sababu viliunganisha makabila mengi chini ya imani moja, jambo lililofaa kwa nchi iliyotaka umoja. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee mwishoni mwa miaka ya 1960, na Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile. Yaliyobanwa pembeni ni yale yasiyoingia vizuri katika picha ya umoja. Wangoni wenyewe walikuwa wameyatawala makabila mengine kwa mkuki nusu karne kabla. Jeshi lililowashinda lilikuwa na askari Waafrika wengi kuliko Wazungu. Na waliokufa hasa, kwa makadirio kati ya 75,000 na 300,000, waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Ni wanawake na watoto wa vijijini zaidi ya wapiganaji. Mashujaa 67 wana kaburi la heshima. Waliokufa kwa njaa hawana.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea na kuomba msamaha. Ahadi aliyotoa ilihusu zaidi kichwa kuliko jiwe: kusaidia kukitafuta katika makusanyo ya Ujerumani. Kwa familia nyingi za Tanzania ukumbusho unaongojwa ni mabaki ya mwili. Huko Old Moshi ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa Machi 1900, umetafuta kichwa chake kwa miongo mingi. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umewapata jamaa walio hai wa mafuvu matatu yaliyochukuliwa kutoka eneo la Kilimanjaro.

Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, linaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilikabidhi. Lilirudi mwaka 1954 tu, baada ya gavana Edward Twining kwenda Bremen kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi. Alilichagua kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa za Mkwawa, yaani kwa kutumia kanuni zile zile za kupima vichwa zilizowafanya wazungu wakusanye mafuvu ya Waafrika tangu awali. Alilipokea mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Sasa liko Kalenga, ndani ya kioo. Wataalamu wametilia shaka kama kweli ni lenyewe, lakini shaka hiyo haijapunguza heshima linayopewa.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, iliondolewa barabarani na kupelekwa kwenye shamba la familia yake, Soysambu. Sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee ilibaki, na historia yake haimhusu Malkia peke yake: iliwekwa mwaka 1906 kwa fedha za Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri wa Kihindi aliyeijengea Nairobi soko na bustani katika mji uliogawanywa kwa rangi, na ambaye alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Kwake, kumsimamisha Malkia ilikuwa njia ya kudai kwamba Wahindi nao ni raia wa dola. Mwaka 2015 sanamu hiyo ilivunjwa kichwa. Aliyeivunja bila shaka aliona mkoloni, akaukata bila kujua ukurasa mmoja wa historia ya Waasia wa Kenya, ambayo haina kurasa nyingi hadharani.

Jambo zito zaidi lilikuwa Mau Mau. Waingereza waliwanyonga watu 1,090 katika miaka ya hali ya hatari, na maelfu ya wengine waliuawa msituni au waliteseka kambini. Jomo Kenyatta alihubiri kusameheana na kusahau, kwa kuwa nchi aliyoiongoza ilikuwa na wapiganaji na walinzi wa serikali ya kikoloni katika vijiji vile vile, mara nyingine katika familia moja. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwamo katika sheria hadi mwaka 2003. Ndipo sanamu ya kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi, kazi ya Kevin Oduor, ikazinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kwa muda mrefu picha iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya mwaka 1956, Kimathi amelazwa na pingu baada ya kupigwa risasi. Sanamu inaifuta picha hiyo: amesimama, nywele zimesokotwa, silaha mikononi. Kaburi lake katika gereza la Kamiti, hata hivyo, halijatambuliwa.

Ukumbusho wa pili, ulio Uhuru Park, ulizinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza, baada ya makubaliano ya mwaka 2013 ambayo wazee 5,228 walilipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Hapa Oduor alichonga mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na wote wawili wametazama pembeni. Hawatazamani kwa sababu, kama mmoja wao angekamatwa na kuteswa, asingeweza kumtaja asiyemjua uso. Ni wazo la mchongaji lililojaa akili, na pengine ndiyo sanamu pekee katika eneo hili ambamo kukosa jina kuna maana yake mwenyewe, kwa kuwa waliokumbukwa walilificha ili waishi. Lakini haisemi lolote juu ya Mkikuyu aliyekuwa upande wa pili, mlinzi aliyewatesa jirani zake au aliyeuawa nao. Fedha za Uingereza ziliweza kulipia majuto ya Uingereza. Upatanisho kati ya Wakenya wenyewe haukuwa katika bajeti hiyo.

Wanawake wenye majina ni wachache. Malindi, mji wenye nguzo ya Vasco da Gama inayokumbusha kufika kwake mwaka 1498, una pia bustani na sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa mwaka 1913 na 1914. Nkomanile, mwanamke kiongozi anayetajwa kuwa ndiye aliyeupokea ujumbe wa maji, dawa ya Vita vya Majimaji, na kuufikisha Ungoni, anajulikana zaidi Songea kuliko nje yake.

Zanzibar swali la rangi ni la moto zaidi. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 kati ya Uingereza na Sultan Barghash, na Waanglikana wakajenga kanisa lao mahali hapo. Pembeni mwa kanisa kuna shimo la mstatili, na ndani yake sanamu tano zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1990. Wamesimama ardhini, chini ya usawa wa macho ya mtazamaji, shingo zimefungwa minyororo ya kweli ya zama hizo. Hakuna jukwaa, mtazamaji ndiye aliye juu, na hilo linamtia katika nafasi isiyopendeza. Hatua chache kutoka hapo watalii hushushwa kwenye vyumba vya chini vyenye giza na kuelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada. Wanahistoria kadhaa wamelitilia shaka dai hilo, kwa sababu jengo la juu ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Utumwa wa Zanzibar una ushahidi wa kutosha. Hauhitaji chumba cha kubuni, na chumba cha kubuni humpa mwenye kutaka kuukana silaha ya bure.

Nani alikuwa mfanyabiashara ya watumwa ni suala ambalo shimo la Mkunazini haliligusi. Mnara mmoja wa Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, uliligusa kwa namna mbaya. Uliwekwa mwaka 1921 kuwasifu Wabelgiji wa Kongo, na maandishi yake yalisifu ushujaa wao wa kumwangamiza “Mwarabu” mfanyabiashara ya watumwa. Neno hilo moja limefutwa, likarudishwa, likafutwa tena kadiri malalamiko yalivyobadilika. Ostend nako, chini ya Mfalme Leopold II aliye juu ya farasi, Wakongo wamechongwa wakimshukuru kwa kuwakomboa kutoka utumwani; mwaka 2004 wanaharakati walimkata mmoja wao mkono, kama mikono ya Wakongo ilivyokatwa katika biashara ya mpira. Historia halisi haikai vizuri upande wowote. Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar mwenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika na msemaji wa Kiswahili, aliuza watumwa na pembe za ndovu na aliwahi kuwa gavana wa Leopold huyo huyo huko Stanley Falls. Kinshasa sanamu ya Leopold iliyoondolewa enzi za Mobutu ilirudishwa barabarani Februari 2005, waziri mmoja akidai kwamba historia isifutwe, ikaondolewa baada ya saa chache.

Fasiri ya utumwa kama kosa la rangi moja iliingia katika siasa za Unguja kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yana mnara wake Michenzani. Waliouawa katika siku zilizofuata, wengi wao wakiwa watu wa asili ya Kiarabu, hawana ukumbusho wa hadhara, na idadi yao haijawahi kuafikiwa. Familia zao, baadhi zikiwa Oman na Ghuba hadi leo, huwakumbuka majumbani.

Katika miaka ya karibuni Ulaya nayo imeanza kubadilisha majina ya barabara, ambayo ni ukumbusho wa bei nafuu. Mtaa mmoja wa Wissmann huko Berlin uligeuzwa mwaka 2021 kuwa wa Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Tanganyika huru. Mwaka 2024 barabara iliyokuwa na jina la Petersallee, la Carl Peters aliyekusanya mikataba ya hila bara mwaka 1884, iligawanywa mara mbili, na sehemu moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Hannover iliacha jiwe la Peters lisimame lakini mwaka 1988 ikaliongezea bamba linaloligeuza kuwa onyo dhidi ya ukoloni. Kubadilisha jina huondoa heshima na pia huondoa ushahidi. Bamba huacha vyote viwili, na hutegemea mtu asimame alisome.

Jaribio la karibuni la kulipa deni la majina liko Cape Town. Januari 2025 tume ile ile ya makaburi ya vita, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilizindua humo ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa katika vikosi vya kazi vya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mmoja ana nguzo yake ya mbao ngumu ya Kiafrika, yenye jina lake na tarehe aliyokufa, bila cheo. Kuirudia kazi hiyo Kenya na Tanzania ni jambo jingine kabisa. Huko Cape Town orodha ilipatikana. Kwa wapagazi wa Afrika Mashariki daftari nyingi zimepotea au hazikuandikwa, na zilizobaki zimejaa majina yaliyoandikwa ovyo na makarani waliosikia Kinyamwezi, Kikamba au Kiyao kwa mara ya kwanza, mara nyingi bila jina la baba wala la kijiji. Tume imekuwa ikifanya kazi na watafiti wa Kenya kuzisoma upya zilizopo na kukusanya masimulizi ya familia. Kwa wengi wa wale 95,000, tarakimu yenyewe ndiyo yote itakayoweza kuandikwa.